Natembea Tu

Kwetu Matombo safari lazima iwe na sababu, na sababu zenyewe ni chache, unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kuna msiba. Kuna ugonjwa. Kuna mzigo wa kupeleka sokoni Morogoro, ndizi au machungwa au mafenesi. Kuna shule. Na kuna harusi, ambayo huja mara chache kuliko msiba. Kwa hiyo mtu akionekana kituoni alfajiri amesimama na begi, anayepita humsalimia kisha humuuliza bila kuzunguka, "Nani kafa?" Wala si utovu wa adabu. Ni upendo. Anataka kujua kama akupe pole, au akupe salamu, au aingize mkono mfukoni akuchangie nauli.

Mwaka jana, tulipokwisha kuuza karafuu, niliulizwa swali hilo na watu wasiopungua wanne kabla gari halijafika. Nikawajibu wote sawasawa: hajafa mtu, naenda pwani, natembea tu.

Lo! Ungedhani nimetukana.

Sikuwa na mgonjwa, sikuwa na mchumba, sikuwa na tenda. Nilikuwa na wiki 3, begi moja, fedha ya karafuu kilo 34 ambazo mama alinigawia kama fungu langu, na hamu ya kuteremka polepole kutoka milimani mpaka Bagamoyo, kutoka Bagamoyo mpaka Unguja, kisha nirudi bara nishuke kusini mpaka Kilwa, nikilala nitakapochoka na kuondoka nitakapochoka kulala. Je, mtu wa namna yangu, mtoto wa mkulima asiye na ajira, ana haki ya safari ya namna hiyo? Ndugu msomaji, najua unataka kusema "ndiyo, kwa nini isiwe". Subiri kwanza. Upande wa pili wapo watu wenye hoja nzito, na mmoja wao ni mjomba wangu.

Lakini tuanze na neno lenyewe, maana lugha yetu ina ujanja wake. Kutembea ni kwenda kwa miguu. Kutembea vilevile ni kwenda kuwaona watu: mtu akija kwako akasema "nimekuja kutembea tu", unafurahi, unabandika maji ya chai. Sasa hebu sema "yule binti anatembea", usiongeze neno, uone watu watakavyotazamana. Mwanamume akitembea ameiona dunia. Mwanamke akitembea, dunia ndiyo iliyomwona. Na ukiongeza ka-neno kadogo kale "na", anatembea na fulani, basi tena, habari imekwisha. Kwa hiyo pale kituoni mimi nilisema jambo moja, masikio yakasikia jingine. Mzee mmoja aliyekuwa na jogoo ndani ya kikapu aliguna, akasema "haya" kwa sauti ile ya mtu anayefunga mlango.

Kwa Waluguru mjomba si mtu wa pembeni. Ukoo unahesabiwa kwa mama, ardhi ni ya ukoo, na kaka wa mama ana sauti ambayo baba mzazi hana. Mikarafuu yetu imetoka kwa bibi mzaa mama, kwa hiyo fedha yake, hata ile iliyoitwa fungu langu, haikuwa yangu peke yangu kama mshahara wa mtu wa mjini. Mjomba angeweza kunikatalia. Hakunikatalia. Aliniita barazani, akaninyamazia kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, mtu anayetembea bila sababu hutafutiwa sababu."

Ana haki ya kusema hivyo. Mwaka 1983 alikuwa kijana wa miaka 19, akateremka Dar es Salaam kwa jambo lile lile lililonipeleka mimi. Alitaka kuiona bahari, basi. Alifikia kwa mtu wa nyumbani, na kila asubuhi alikuwa akienda ufukweni kutazama meli zikiingia bandarini. Huo ulikuwa mwaka wa Sheria ya Nguvukazi. Mtu wa mjini alitakiwa aonyeshe kazi anayoifanya. Asiyeweza alihesabiwa mzururaji, na msako ukipita anapakiwa kwenye lori anarudishwa shamba. Mjomba alikamatwa siku ya tano amekaa juu ya ukuta anatafuna muwa. "Unafanya nini hapa?" "Natazama bahari." Anasema askari yule alicheka mpaka machozi yakamtoka, wala hakuonekana mtu mbaya, lakini kwenye lori alimpandisha. Aliporudi Matombo watu walimuuliza ameiba nini. Sasa ni mzee wa wajukuu, na bahari hajaiona tena.

Wala sheria ile haikudondoka kutoka mbinguni. Mwingereza naye alikuwa akiwasaka vijana wa Dar es Salaam wasio na kazi, akiwaita wahuni, akiwarudisha makwao. Katika Kanuni ya Adhabu aliyotuachia mlikuwa na vifungu vya watu wazembe na wazururaji, vilivyotokana na sheria za kwao za kuwabana maskini wasiotulia mahali pamoja. Tulipopata uhuru tulimfukuza bwana, tukabaki na vifungu. Ilichukua mpaka tarehe 4 Desemba 2020 ndipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapo Arusha, ikatoa maoni yake kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika. Mtu anaadhibiwa kwa hali yake, si kwa tendo alilolitenda. Nilipomsomea mjomba habari hiyo kwenye simu alisema, "Wamechelewa lori." Akaendelea kusuka kamba yake.

Sasa pembeni ya mzururaji mweke mtalii. Talii ni neno tulilolipata kwa Waarabu, ndugu yake ni mutalaa, yaani kusoma kwa kuchunguza. Kwa asili mtalii ni kama msomaji, ila kitabu chake ni nchi ya watu. Jina zuri! Lakini mtazame anafanya nini. Hana kazi pale alipo. Amekaa juu ya ukuta anatazama bahari. Ukimuuliza kwa nini amekuja, atakujibu kwa lugha yake maneno yale yale mawili niliyoyasema mimi kituoni. Tofauti ni kwamba yeye akiulizwa "unafanya nini hapa", anayemuuliza ameshika sinia, na kinachofuata ni maji ya dafu. Tendo ni moja. Mmoja anaitwa mgeni wetu mpendwa, mwingine anaitwa lori.

Jambo hili lilikwisha kuwasumbua wakubwa zetu. Mwalimu Nyerere alisema mwaka 1961 kwamba yeye mwenyewe hapendelei kuimaliza likizo yake akitazama mamba, ila alijua wapo watu wa mbali wanaopenda, na kwamba wanyama hao watatuletea fedha. Alisema kweli, na alisema kama mtu wa kwetu: kutazama tu, bila sababu, ni kazi ya wengine. Mwaka 1970 vijana wa TANU Youth League pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha ubishi mkali magazetini kuhusu utalii na ujamaa, ubishi ambao Issa Shivji aliuhariri ukawa kitabu mwaka 1973. Wengine walisema utalii utatufanya taifa la wahudumu. Wengine walisema nchi inahitaji fedha za kigeni, tuache siasa za tumbo tupu. Nilipousoma ubishi ule nilishangaa kwa jambo moja. Pande zote mbili zilipokuwa zikisema mtalii zilimaanisha Mzungu. Kwamba mtalii anaweza kuwa msichana wa Matombo na kilo zake 34 za karafuu, hilo halikuwa na nafasi upande wowote.

Basi niondoke sasa, maana nimewaweka kituoni muda mrefu.

Barabara ya kutoka kwetu inapita Mkuyuni, inatokea Bigwa, unaingia Morogoro. Mikeka ya karafuu na pilipili manga imeanikwa pembeni, na gari likipita harufu inaingia dirishani kabla ya vumbi. Jina Matombo kwa Kiluguru ni maziwa ya mama, kwa sababu ya umbo la vilima vyenyewe; watoto wa shule hucheka wakiulizwa maana yake na mkaguzi, walimu hukohoa. Lakini jina limekaa mahali pake. Maji ya Uluguru ndiyo yanayouzaa mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam: mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, wa Ruvu Chini mwaka 1976. Nilishukia Msata, nikapanda gari la Bagamoyo, na tulipofika darajani nikamwona Ruvu tena, mnene, mzito, rangi ya chai ya maziwa, haufanani kabisa na vile vijito vyetu tunavyovivuka kwa kuruka jiwe hadi jiwe. Nilimwambia jirani yangu garini, "Haya maji yametoka kwetu." Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mwezi umetoka kwao. Nami nikawaza: yanateremka mpaka pwani kila siku, usiku na mchana, na hayajaulizwa na mtu yanakwenda kufanya nini.

Bagamoyo nilifikia kwa mama mdogo, aliyeolewa huko. Siku ya kwanza nililetewa maji ya kuoga. Siku ya pili tulikwenda Kaole kutazama magofu na makaburi ya zamani, tukapita misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanza hapo mwaka 1868, shirika lile lile lililokuja baadaye kujenga misheni ya Matombo ambako mimi nilibatizwa. Siku ya tatu nilipoamka nikakuta mbuzi ya kukunia nazi imewekwa mlangoni kwangu, na nazi tatu zimepasuliwa. Hakusema kitu. Wala hakuhitaji kusema, sote tunaijua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Nilikuna nazi huku nikiifikiria methali hiyo, na naomba mnivumilie, maana naona wengi tunaisoma vibaya. Tunaichukua kama karipio kwa mgeni mvivu. Lakini ihesabu upya. Inakupa siku mbili! Siku mbili kamili hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini, hakuna anayekudai sababu. Unakula, unalala, unatazama watu wanavyofanya kazi, na ni haki yako. Wazee waliotunga methali hiyo hawakuwa matajiri. Walijua chakula kinavyopatikana. Na bado walikubali kwamba mtu, awe nani, anastahili siku mbili za kuwa mtu tu. Ndipo jembe linakuja, nalo haliji kama adhabu, linakuja kama kiti: sasa wewe si mgeni, keti na sisi. Mtalii wa hotelini hapewi jembe kamwe. Anaweza kukaa siku 14 na zote zikawa siku ya kwanza. Mzururaji naye hapewi hizo siku mbili. Kwake yeye kila siku ni ya tatu, na jembe lenyewe linashikwa na askari.

Bagamoyo ina jambo jingine linalomgusa mtu anayetaka kuandika, na gazeti hili ni la watu wa namna hiyo. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, na ndani yake mna safari zilizosimuliwa na watu wa pwani wenyewe, kwa Kiswahili chao. Mtoro bin Mwinyi Bakari anakwenda Udoe na Uzigua. Selemani bin Mwenye Chande anaingia bara na mali ya biashara. Salim bin Abakari anafika Urusi na Siberia, anaona barafu na watu wake, miaka ile! Vitabu vya safari tunadhani ni vya Wazungu, kumbe babu zetu nao waliandika, na waliandika vizuri, kwa jicho kali na mzaha. Lakini angalia jinsi walivyosafiri. Selemani amebeba mali ya kuuza, tena ya kukopa. Salim ni mtumishi wa bwana wa Kijerumani, anaona Siberia kwa sababu bwana ameamua kuiona. Sioni mmoja wao aliyetoka nyumbani kwa sababu tu ameamka asubuhi akaona njia inapendeza. Fasihi yetu ya safari imeanza na mzigo kichwani. Sisemi ni aibu. Nasema inaeleza kwa nini hata sisi vijana tunaoandika leo tunaona haya kuandika kwamba tulikaa mahali tukatazama.

Unguja niliikuta kama nilivyoambiwa, sina haja ya kueleza milango. Niseme habari mbili tu.

Ya kwanza ni ya kuchekesha. Kule kuna mashamba ya viungo ambako wageni hulipa watembezwe, wavunjiwe jani wanuse, waulizwe "hiki ni nini?" Nami nililipa, pamoja na Wajerumani wanne na mama mmoja wa Nairobi. Kijana akachuma kikonyo cha karafuu mbichi, akanipa ninuse, akaniuliza kama nakifahamu. Fikiria, mtoto wa Matombo! Nimelala juu ya magunia ya karafuu. Nimekuna mgongo kwa ajili ya karafuu. Lakini nilikinusa, na niseme kweli, sikuwahi kukinusa kabla ya siku ile. Kwetu karafuu hainuswi, inachumwa, inavunjwa vikonyo, inaanikwa, inapimwa, inabishaniwa bei. Harufu yake tunaioga. Kijana yule alinitazama nikiwa nimefumba macho akadhani nataniwa na kumbukumbu ya mapenzi. Hicho kikonyo kimoja ni hoja yangu kubwa dhidi ya wanaosema maskini asitalii kwa sababu anavijua vitu tayari. Tunavijua kwa mikono. Kuna ujuzi mwingine unaokuja pale tu kitu kinapokuwa hakikudai chochote, na ujuzi huo tumeuachia wageni wautolee vitabu.

Ya pili haichekeshi. Pwani ya mashariki, maji yakitoka, kina mama wanaingia baharini kulima mwani. Wanafunga vipande kwenye kamba, wameinama, maji magotini, jua utosini, na bei yao anaipanga mtu wa mbali asiyejua mwani una miiba gani ya samaki ndani yake. Nyuma yao, mita chache tu mchangani, watu wamelala wamepaka mafuta. Mimi nilikuwa upande wa mchanga. Kwa mara ya kwanza katika safari ile nilikuwa mtu anayetazama mgongo wa mwanamke mwingine ulioinama, na mgongo wenyewe nikaujua, ni wa mama yangu akivunja vikonyo. Mama mmoja aliinuka akanipungia mkono, akauliza natoka wapi. Nikasema Morogoro. Akasema, "Karibu, mwanangu, pumzika." Pumzika! Sikujua niweke wapi uso.

Jioni kwenye nyumba ya wageni nikapewa daftari lile mnalolijua: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, kazi, madhumuni ya safari. Pale kwenye madhumuni nikaandika "kutembea". Kijana wa mapokezi akasoma, akanitazama, akachukua kalamu akakata, akaandika juu yake "biashara". Kisha akaniambia kwa upole, "Dada, hivi ni vizuri zaidi kwako." Kumbuka maneno ya mjomba.

Kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa unapandia Mbagala. Ni safari ndefu ya kukaa, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, halafu daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu walikuwa wakisubiri kivuko, na mto ukijaa walilala ng'ambo. Nangurukuru unashuka na kukata kuelekea Masoko, na kutoka Masoko mashua inakuvusha hadi Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu umesimama bado na kuba zake. Husuni Kubwa iko juu ya jabali, na ukikaa kwenye ukingo wa birika lake la kuogea lenye pembe nane unaiona bahari yote. Nilikaa hapo siku nzima. Sijawahi kuona mahali pazuri kuliko pale, na hapo ndipo hoja yangu ilipokutana na kigingi chake.

Mwaka 1331 alifika Kilwa mtembezi mkubwa kuliko wote, Ibn Battuta. Aliondoka Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka 21, akinuia hija. Makka alifika, lakini miguu haikukoma, akatembea miaka karibu 30. Mtalii au mzururaji? Hakuwa na mali ya kutosha ya kumzungusha dunia. Aliishi kwa methali yetu, siku mbili hapa, siku mbili pale, na pengine akapewa ukadhi badala ya jembe. Nilimpenda sana mtu huyu nilipomsoma, nilidhani nimempata babu wa wote wanaotembea tu. Na yeye anausifu mji wa Kilwa kwa uzuri wake, na anamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu, hata akaitwa Abu'l-Mawahib, baba wa zawadi. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha Sultani njiani akitoka msikitini, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Watu wakashangilia. Kisha mtoto wa Sultani akazichukua zile nguo kwa fakiri na kumpa, badala yake, watumwa 10. Baba aliposikia jinsi watu walivyomsifu akaongeza watumwa 10 wengine na mizigo 2 ya pembe za ndovu.

Isome tena polepole. Nguo za mwili mmoja, watu 10. Na watu hao walitoka wapi? Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kwamba Sultani huyo alikuwa akishambulia nchi za bara na kuteka. Bara ni nani? Bara ni sisi. Sisemi walikuwa Waluguru, karne ile siijui. Lakini walikuwa watu wa upande wa nchi ninakotoka, watu waliokuja pwani bila kuulizwa nani kafa, na wao pia waliiona bahari kwa mara ya kwanza. Ukarimu uliomfanya mgeni mmoja atembee bila mzigo uliwekwa juu ya vichwa vya watu 20.

Hoja ya mjomba, kumbe, haikuwa nzito kuliko zote. Hii ni nzito zaidi. Mapumziko ya mtu, tangu Husuni Kubwa mpaka ule mchanga wa Unguja, yana kichwa cha mtu mwingine chini yake. Wapo wanaoona hapo ndipo mjadala unapokufa: kama ni hivyo, basi kutalii ni dhambi, turudi shambani sote. Sikubali. Hayo ni maneno ya yule askari, yamevaa kanzu. Ukisema kila hatua ya maskini lazima iwe ya kazi, au ya ugonjwa, au ya kifo, basi umemfanya yeye awe mpagazi milele, umemvua mzigo wa pembe za ndovu ukambebesha mzigo wa sababu. Swali linalomfaa kila anayetembea, Mzungu na Mluguru, ni lile ambalo daftari la wageni halina nafasi yake: nani amekubeba?

Nami nikijiuliza, jibu ninalo. Amenibeba mama. Kaka zangu walipanda mikarafuu, mimi na mama tulivunja na kuanika, lakini fungu lake alilipunguza ili langu liongezeke. Nililiona kwenye mizani, tukanyamaza wote wawili. Bati la jikoni kwake linavuja. Nilipomwambia afadhali tununue bati, alijibu akiwa amenipa mgongo: "Mimi Morogoro nimefika mara 5. Mara 3 hospitali, mara 2 msiba." Hakusema zaidi. Sikuichukua ile fedha kama zawadi ya Sultani, isiyo na mwisho wala hesabu. Niliichukua kama deni, na msimu ujao fungu langu halinihusu. Kama atakubali kupanda gari bila mtu kufa, hilo sijui. Mjomba anasema hatakubali, na namwona anasema kwa wivu kidogo.

Wakati wa kurudi Masoko upepo ulikufa, mashua ikasimama katikati ya maji. Nahodha alikuwa mtu wa makamo, mpole. Akaniambia ameanza kuvusha watu miaka 22 iliyopita, wa nchi zote, na yeye mwenyewe hajavuka siku hata moja bila mtu wa kumvusha. Nikamuuliza, kama angekuwa na nafasi, angependa kwenda wapi. Akafikiri muda mrefu, tanga limelala, tunayumba tu. Akasema nasikia kwenu Morogoro kuna milima, na usiku kuna baridi, mtu anajifunika blanketi.

"Ndiyo," nikasema. "Njoo msimu wa karafuu, tutakupokea."

Akacheka. "Nije kufanya nini?"